Unaanza Agile na Scrum kutoka sifuri? Pita njia hii

Wengi wanaingia kwenye mafunzo ya Agile na Scrum, yaani namna ya timu kutengeneza bidhaa, hasa programu za kompyuta, kidogo kidogo, wakiwa na haraka ya cheti. Wanameza istilahi wiki nzima, wanafanya mtihani, na wanapita vizuri tu, halafu siku ya kwanza kazini mtu anawauliza hivi hiki kikao cha dakika 15 kila siku ni cha nini hasa, wanabaki wanatazamana. Hii ngazi ya mwanzo, ile wanayoita foundation, sio ngumu jamani, ila ina mpangilio wake, na ukiifuata kwa mpangilio huo unatoka na vyote viwili, cheti na uelewa wa kazi.

Kabla hatujaanza shika kitu kimoja maana ndicho kinabeba mengine yote: kila kikao kwenye Scrum kipo ili kukagua kitu fulani na kurekebisha kitu fulani. Ukijua kinakagua nini na kinarekebisha nini, mambo ya kukariri yanapungua sana, na hata maswali ya mtego unayaona yanakuja kutoka mbali.

Hatua ya 1: Tenganisha Agile na Scrum kichwani

Watu wanayatumia kama kitu kimoja na sio kitu kimoja. Agile ni namna ya kuifikiria kazi, Scrum ni utaratibu mmojawapo wa kuifanya kwa namna hiyo, na kuna taratibu zingine pia kama Kanban na XP (Extreme Programming).

Ilani ya Agile ilizaliwa mwezi wa pili 2001, watu 17 wa fani ya programu walikutana Snowbird, Utah, Marekani, wakiwa wamechoshwa na zile njia nzito za kuandika makaratasi mwaka mzima kabla mteja hajaona chochote. Wakatoka na mambo manne na kanuni 12. Hayo manne yaelewe vizuri: watu na mawasiliano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana kwenye mkataba, kwenda na mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Na usiruke ile sentensi ya chini yake, inayosema kwamba vile vitu vya upande wa pili navyo vina thamani, ila hivi vya kwanza tunavithamini zaidi. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, anakuja mtu anakwambia Agile maana yake hakuna nyaraka na hakuna mpango, sio kweli hata kidogo, na mtihani utakuuliza hivyohivyo.

Scrum yenyewe ni ya zamani kuliko ilani. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha mwaka 1995 kwenye OOPSLA, mkutano wa wataalamu wa programu, kule Austin, Texas, na jina linatoka kwenye mchezo wa raga, kwa sababu Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, waliandika makala mwaka 1986 kwenye Harvard Business Review wakifananisha timu zinazotengeneza bidhaa mpya na timu ya raga inayosonga mbele pamoja. Schwaber na Sutherland walikuwepo pia kati ya wale 17 wa Snowbird, kwa hiyo hizi ni mbegu za shamba moja, ila usichanganye ipi ilianza.

Hatua ya 2: Soma Scrum Guide kabla hujamlipa mtu yeyote

Hili nalisema kwa nguvu kabisa. Scrum Guide, yaani mwongozo rasmi wa Scrum, ni bure, iko kwenye intaneti, haifiki hata kurasa 15, na toleo la sasa ni la mwezi wa 11 mwaka 2020. Hakuna sababu ya mtu kulipia kozi ya siku mbili akiwa hajaigusa, utafika pale mwalimu anaongea wewe unahangaika na majina tu.

Isome mara ya kwanza moja kwa moja bila kusimama hata kama huelewi. Mara ya pili chukua kalamu, kila ukikuta kikao andika nani anakaa, kinakagua nini, kinatoka na nini, mwisho wake muda gani. Mara ya tatu isome ukiwa umeshajaribu maswali kidogo, utashangaa sentensi ambazo zilikupita zinavyoanza kung'aa.

Na uwe macho na notsi za zamani maana zimejaa kila mahali. Ukikuta notsi inasema kikao cha kila siku lazima kila mtu ajibu maswali matatu, jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nini kinanikwamisha, ujue hiyo ni ya kabla ya 2020, maswali hayo yalitolewa. Ukikuta "Development Team" kama timu ndani ya timu, nayo ya zamani, siku hizi ni timu moja ya Scrum na ndani yake wapo madevelopa. Na kama notsi haitaji Product Goal (lengo la bidhaa) popote, weka pembeni.

Hatua ya 3: Chora ramani yako ya 3, 5, 3

Majukumu 3, matukio 5, vitu vya kazi 3. Chini ya vyote kuna nguzo 3: uwazi, ukaguzi, marekebisho. Bila uwazi huwezi kukagua cha maana, na kukagua bila kurekebisha ni kupoteza muda wa watu. Kuna na tunu 5, yaani kujitoa, umakini, uwazi wa moyo, heshima na ujasiri, hizo zisome tu zitakaa.

Majukumu. Product Owner ndiye mwenye bidhaa, yeye ndiye anaamua nini kinatangulia ili bidhaa iwe na thamani kubwa, na ni mtu mmoja, sio kamati. Wakubwa wakitaka kitu kibadilike kwenye orodha wanamshawishi yeye, hawampiti kwa nyuma. Madevelopa ni wote wanaotengeneza, awe anaandika kodi, anachora dizaini, anapima, wote hao wanaitwa hivyo, na wao ndio wanaamua kazi kiasi gani inaingia kwenye sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi, na itafanywaje. Scrum Master anahakikisha Scrum inaeleweka na inafuatwa, anasaidia vikwazo viondoke, anaifundisha timu kujiongoza. Huyu sio meneja wa mradi aliyebadilishiwa cheo. Hagawi kazi, haombi ripoti, hamfuatilii mtu amefika saa ngapi. Ukielewa hivyo tu maswali mengi ya mtihani yanaisha, kwa sababu jibu lolote linalomfanya Scrum Master awe bosi karibu kila mara ni jibu baya. Timu nzima kwa kawaida ni watu 10 au pungufu.

Vitu vya kazi viko vitatu na kila kimoja kina ahadi yake. Bakilogi ya bidhaa, yaani orodha ya yote yanayohitajika ikiwa imepangwa kwa kipaumbele, ahadi yake ni lengo la bidhaa. Bakilogi ya sprinti, yaani kazi zilizochaguliwa kwa sprinti hiyo, ahadi yake ni lengo la sprinti. Inkrimenti, ile kazi iliyokamilika na inatumika, ahadi yake ni Definition of Done, makubaliano ya lini tunasema kitu kimekwisha. Jozi hizi tatu zitoke kichwani hata ukiamshwa usiku.

Matukio ni sprinti yenyewe ambayo haizidi mwezi mmoja, halafu ndani yake kuna vinne. Kupanga sprinti, muda wa saa 8 mwisho kwa sprinti ya mwezi. Kikao cha kila siku, dakika 15, hiki hakibadiliki hata sprinti iwe fupi. Rivyu, yaani kuonyesha kilichotengenezwa, saa 4 mwisho. Retro, yaani timu kujitathmini, saa 3 mwisho. Sprinti ikiwa fupi hivyo vitatu navyo kwa kawaida vinapungua. Sasa rudi kwenye lile nililosema mwanzo ujaze ramani yako: kikao cha kila siku kinakagua mwendo kuelekea lengo la sprinti na kinarekebisha bakilogi ya sprinti, rivyu inakagua kilichotoka kwenye sprinti na kurekebisha bakilogi ya bidhaa, retro inakagua namna timu inavyofanya kazi na kurekebisha hiyo namna. Kupanga ndiko kunaanzisha duara lote, kwa nini sprinti hii ina maana, nini kinawezekana kumalizwa, kitafanywaje.

Hatua ya 4: Endesha sprinti moja ya kweli, hata ndogo

Hapa ndipo naomba usiruke. Tafuta wenzako watatu wanne mnaosoma pamoja, chagueni kitu kidogo, sprinti ya wiki moja inatosha. Hata msipojua kuandika kodi mnaweza kutengeneza michoro ya skrini au kijitabu cha maelekezo, ilimradi kuna mtu wa nje atakitumia. Nitumie mfano wa mfumo wa kuweka miadi ya daktari.

Mwenye bidhaa anaanza na hitaji, kwa mtindo wa stori ya mtumiaji: kama mgonjwa, nataka kuchagua siku na saa ya kumuona daktari, ili nisikae foleni bure. Stori hiyo ni kubwa mno kuingia kwenye wiki moja. Mnaikata, lakini msiikate kwa tabaka, yaani huyu database, huyu skrini, huyu seva, kwa sababu mkikata hivyo hakuna kipande kitakachofanya kazi peke yake. Ikateni kwa kile mgonjwa anachopata: kwanza anaona saa zilizo wazi za daktari mmoja, pili anachagua saa na inashikwa, tatu anapata meseji ya kumkumbusha, nne anaweza kufuta miadi. Kila kipande kikikamilika kuna kitu mtu anaweza kukishika na kukijaribu.

Kabla ya kuanza mkubaliane imekwisha maana yake nini. Kwa mfano mtu mwingine ameipitia kazi, majaribio yote yamepita, inafunguka kwenye simu na kwenye kompyuta, hakuna kosa linalojulikana limeachwa. Muandike muibandike mahali wote mnaona. Bila hiyo utasikia imekwisha bado kupima tu, na bado kupima maana yake haijaisha.

Halafu lengo la sprinti, sentensi moja: mgonjwa aweze kuweka miadi kwa daktari mmoja bila kupiga simu. Mtaingiza kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu.

Siku ya tatu kwenye kikao cha kila siku mmoja anasema huduma ya kutuma meseji haijatufungulia akaunti, na huenda wiki ikaisha hawajajibu. Timu isiyoelewa Scrum hapo itamwambia haya wewe endelea kufuatilia, anayefuata, wewe jana ulifanya nini. Timu inayoelewa inaangalia lengo kwanza. Je, meseji ni lazima ili mgonjwa aweke miadi bila kupiga simu? Hapana. Basi wanaongea na mwenye bidhaa, meseji inarudi kwenye bakilogi, aliyekuwa anaishughulikia anahamia kusaidia kipande cha pili ambacho kilikuwa kinasuasua. Lengo limebaki lilelile, kazi ndani yake imebadilika. Dakika 15 hizo ndizo zilizookoa wiki.

Kwenye rivyu mleteni mtu wa nje, mfano anayepokea wagonjwa, mpeni ashike mwenyewe, msimsomee slaidi. Atauliza kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: daktari akipata dharura, wale waliokwishachukua saa zake inakuwaje? Hilo swali ni dhahabu. Linaingia kwenye bakilogi ya bidhaa na pengine linaruka juu kabisa kuliko kufuta miadi. Kisha retro, timu peke yake, mnatafuta kilichowakwamisha bila kumsakama mtu, mnatoka na badiliko moja au mawili ya kweli, kwa mfano huduma yoyote ya nje tuombe ruhusa kabla kazi yake haijaingia kwenye sprinti. Moja linalofanyika ni bora kuliko kumi yanayobaki ukutani.

Hatua ya 5: Jifunze zana za pembeni, ukijua ni za pembeni

Kozi nyingi za mwanzo zitakufundisha stori za mtumiaji, pointi (namba za kukadiria ukubwa wa kazi), poka ya kukadiria, chati ya kushuka (inayoonyesha kazi iliyobaki), velositi. Zina kazi nzuri, ila Scrum Guide haikulazimishi utumie hizo, na mtihani unaweza kukuuliza kipi ni lazima na kipi hiari.

Poka ya kukadiria, iliyoanzishwa na James Grenning mwaka 2002, inaenda hivi: kila mmoja ana kadi za namba kama 1, 2, 3, 5, 8, 13, stori inasomwa, wote wanafunua kwa pamoja. Mmoja katoa 2, mwingine 13? Hao wawili ndio wanaongea kwanza, maana mmoja anajua kitu mwenzake hajui. Faida yake kubwa ni hayo maongezi, namba inafuata. Na wanaokadiria ni wale watakaoifanya kazi, sio mkubwa kutoka juu.

Velositi ni wastani wa pointi ambazo timu inamaliza kwa sprinti. Ilimaliza 18, halafu 23, halafu 19, wastani ni 20, kama bakilogi ina pointi 120 basi ni kama sprinti 6 hivi zimebaki, na hayo ni makadirio, sio ahadi. Usilinganishe velositi ya timu mbili, 5 ya timu hii sio 5 ya timu ile, na mkubwa akianza kushindanisha timu kwa pointi ataona pointi zinapanda na bidhaa imesimama palepale.

Hatua ya 6: Chagua mtihani unaokufaa

PSM I (Professional Scrum Master I) ya shirika la Scrum.org haikulazimishi kozi, ni maswali 80 kwa dakika 60 na kupita ni asilimia 85, yaani upate 68, cheti hakiishi muda. Mgumu kidogo kuliko unavyosikia, sekunde 45 kwa swali ni chache ukianza kusita. CSM (Certified ScrumMaster) ya shirika la Scrum Alliance lazima uhudhurie kozi ya mwalimu wao, mtihani maswali 50 kwa dakika 60, unatakiwa upate 37, na kila miaka 2 unakihuisha. EXIN, shirika lingine la vyeti, wana Agile Scrum Foundation, maswali 40, dakika 60, asilimia 65, na hii inagusa zaidi zile zana za hatua ya 5.

Maoni yangu: kama unaweza kujisomea mwenyewe, nenda PSM I, inakulazimisha uelewe. Kama unahitaji mtu wa kukushika mkono na kuuliza maswali ana kwa ana, kozi ya CSM itakufaa, lakini muulize mwalimu kabla ya kulipa kama mtafanya mazoezi ya sprinti au mtatazama slaidi siku mbili, na kama vifaa vyake ni vya toleo la 2020.

Hatua ya 7: Mazoezi ya maswali

Scrum.org wana jaribio la bure linaitwa Scrum Open, maswali 30 kwa dakika 30. Lifanye, na kila ulilokosa rudi kwenye Scrum Guide utafute sentensi yenyewe, usitosheke na kuona jibu sahihi. Usiende mtihanini mpaka unapata zote mfululizo bila kubahatisha, na hata hapo kumbuka mtihani wenyewe una maswali mapana zaidi.

Mitego inayorudi rudi ni hii. Nani anaweza kusitisha sprinti? Mwenye bidhaa peke yake, na ni pale lengo la sprinti limepitwa na wakati. Kazi haijaisha, turefushe sprinti siku mbili? Hapana, muda ukiisha umeisha, isiyokwisha inarudi kwenye bakilogi ya bidhaa. Kati ya sprinti na sprinti kuna pengo gani? Hakuna, moja ikiisha nyingine inaanza. Sprinti sifuri ya maandalizi? Kwenye Scrum haipo. Scrum Master lazima awepo kikao cha kila siku? Ni kikao cha madevelopa, yeye anahakikisha kinafanyika na kinabaki ndani ya dakika 15. Lazima msubiri rivyu ndipo mtoe kwa watumiaji? Hapana, inkrimenti inaweza kutoka hata katikati ya sprinti. Timu tatu kwenye bidhaa moja zina bakilogi ngapi? Moja, na mwenye bidhaa mmoja.

Ukikuta majibu mawili yanafanana, jiulize lipi linaiacha timu ijiongoze na lipi linaleta mtu wa kuamrisha. Jiulize pia lipi linaweka mambo wazi na lipi linayaficha. Mara nyingi hapo unapata jibu.

Hatua ya 8: Ukishapata cheti

Ukiingia kwenye timu, wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Kaa kwenye vikao vyao, sikiliza, omba kuona lengo la sprinti waliyo nayo limeandikwa wapi, na makubaliano yao ya imekwisha yanasemaje. Ukiona hakuna lengo, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya bodi, kabla ya pointi, kabla ya programu yoyote ya kufuatilia kazi. Kikao kijacho cha kupanga waulize mwishoni mwa sprinti hii mtumiaji ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi, na jibu watakalokubaliana liandikeni juu kabisa ya bodi.